Walikupima Mkono?

Picha niliituma kabla hata sijatoka kwenye maegesho ya duka. Bastola iko juu ya kitambaa cheusi, kwenye kiti cha abiria, jua la asubuhi la Ohio linaipiga ubavuni. Miezi 14 nilikuwa nimeisubiri. Nilimtumia rafiki yangu wa Dayton, nikamtumia yule jamaa wa Houston tunayebishana naye kila wiki, halafu, sijui nini kilinituma, nikamtumia na baba yangu, Tanga.

Baba hapendi silaha. Wakati wa vita vya Kagera alichukuliwa kama mgambo, akaenda, akarudi, akakaa kwenye cherehani yake Barabara ya Kumi na Mbili pale Ngamiani, na toka siku hiyo hajashika bunduki wala hazungumzii habari zake. Kwa hiyo sikutegemea jibu.

Alipiga simu baada ya magharibi ya kwao.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Hiki ulichonitumia ni bastola?”

“Ndiyo, baba. Ya mashindano ya shabaha. Imetengenezwa kwa oda.”

“Oda yako wewe?”

“Yangu mwenyewe.”

“Shilingi ngapi?”

Nikamwambia dola 3,600. Akanyamaza. Nilijua anapiga hesabu: karibu milioni tisa. Nilijiandaa kwa mawaidha kuhusu nyumba ya Pongwe ambayo haijaezekwa mpaka leo. Hayakuja. Baba aliuliza swali moja tu, kwa sauti ileile anayomuuliza mteja aliyeleta kitambaa.

“Walikupima mkono?”

Sikumwelewa. Akarudia polepole. “Mtu akija kwangu kushonesha kanzu, nampima mabega, nampima mkono, nampima shingo. Wewe unasema umetengenezewa. Nakuuliza, hao watu walikupima mkono?”

Hawakunipima.

Vifungo vya kanzu

Wiki sita sasa swali hilo ninakwenda nalo kazini na kurudi nalo. Wanaonisoma hapa mnajua kazi yangu: nakereza chuma. Nasimama mbele ya mashine, natoa kipande, nakipima kwa maikromita, narudisha kingine. Kupima ndiko kunakonilisha. Na bado nililipa fedha za miezi mingi ya kujibana kwa kitu kinachodaiwa kuwa kimetengenezwa kwa ajili yangu, na katika miezi yote 14 hakuna aliyeniuliza kiganja changu kina urefu gani.

Fomu niliyojaza ilikuwa na visanduku vya kutia alama. Rangi: nyeusi, kijivu au fedha. Vibao vya mpini: mti wa aina tatu. Kilengeo cha mbele: chenye doa la dhahabu au chenye uzi unaong’aa. Herufi za jina lako juu ya slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, hiyo unaongeza fedha. Nilitia alama nikiwa na furaha ya bwana harusi. Nilidhani naagiza bastola, kumbe nilikuwa nachagua vifungo vya kanzu iliyokwisha kushonwa.

Wala sidai nilidanganywa. Fomu haikusema watanipima. Ni mimi niliyesikia neno na kulijazia maana aliyonilea nayo baba.

Ngazi

Bastola yangu ni ya aina ya 1911, ile ya jeshi la Marekani inayoitwa kwa mwaka ilipopokewa. Kinachonishangaza ni ngazi ya bei zake, kwa sababu ni bastola ileile aliyoichora John Moses Browning. Hataza zilikwisha zamani, na mwenye mashine na chuma anaweza kuitengeneza popote duniani. Ngazi ya chini wapo Waturuki wa Tisas, kutoka Trabzon, na Wafilipino wa Armscor, kutoka Marikina, wanaouza kwa jina la Rock Island. Hapo unaondoka na bastola kamili ya chuma kitupu kwa dola 400 na kitu, pengine chini ya hapo. Panda kidogo unawakuta Springfield Armory na Colt wenyewe, kuzunguka 1,000. Panda tena, Dan Wesson, karibu 2,000. Baada ya hapo unaingia kwenye ukungu: Les Baer, Ed Brown, Wilson Combat, Nighthawk. Huko ni 2,500, ni 3,500, ni 4,000 na kuendelea.

Mara kumi. Ya juu ni mara kumi ya ya chini, na zote mbili zinapiga risasi ileile ya .45.

Jamaa wa Houston msimamo wake unajulikana: mnaolipa elfu nne mnanunua jina. Mimi jibu langu lilikuwa kwamba hajui chuma. Miaka mitatu tumebishana hivyo, kila mmoja na hoja yake kama wimbo wa taarabu, unajua beti inayofuata kabla haijaimbwa. Swali la baba lilitukata sote wawili. Yeye na mimi tulikuwa tunauliza bastola ina thamani gani. Baba aliuliza fundi alifanya nini.

Sare

Bastola ya jeshi ilikuwa sare. Hilo nililijua siku zote bila kulifikiria. Machi 1911, kabla jeshi la Marekani halijaipokea, ilipigwa risasi 6,000 ndani ya siku mbili; ikipata moto wanaichovya kwenye maji, kisha wanaendelea. Haikukwama hata mara moja. Sehemu ya ustahimilivu huo ni kwamba ilikuwa imelegea kidogo. Mchanga ukiingia una pa kupitia. Chukua slaidi ya bastola moja uiweke kwenye fremu, yaani mwili wa chini wenye mpini, ya nyingine, inaingia, inafanya kazi, kwa sababu kila kipande kilikatwa kikubali kuolewa na yeyote. Ukiitikisa sikioni inalia kama kibiriti chenye njiti chache.

Na hata jeshi, kwa namna yake, liliwahi kupima mkono. Miaka ya 1920 bastola ilibadilishwa ikawa M1911A1: triga, yaani kifyatulio, ikafupishwa, fremu ikachongwa pembeni nyuma ya triga ili kidole kifike, nyuma ya mpini pakatuna, na mkia wa juu ukarefushwa ili nyundo ya bastola isiume nyama ya kiganja. Vidole vya askari wengi vilikuwa havifiki vizuri. Liliwapimia wote kwa wastani, kama sare zote, lakini lilipima.

Baada ya Vita vya Pili wapiga shabaha walitaka kitu kisicho sare. Ndipo wakatokea mafundi kama Jim Clark kule Louisiana na Armand Swenson kule California. Walichofanya ni kuchukua bastola ya jeshi, kuivua vyote, kuibana fremu kwenye jiliwa, na kuanza. Reli za fremu zinagongwa kwa nyundo ndogo mpaka zikaze, kisha slaidi inasuguliwa juu yake kwa uji wa msasa, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka vyuma viwili viende pamoja bila kucheza na bila kukwaruzana. Mtutu unawekwa mkubwa kuliko nafasi yake, unapigwa tupa kidogo, unajaribiwa, unapigwa tena. Ukikosea mara moja umetupa mtutu. Mwaka 1977 Bill Wilson, mtu aliyesomea ufundi saa, alianza kazi hiyohiyo Berryville, Arkansas, nyuma ya duka la vito la familia yake. Fundi saa! Kila nikikumbuka hilo naona linaeleza mengi kuhusu kilichofuata.

Slaidi iliyofungwa namna hiyo haiingii kwenye bastola nyingine yoyote. Hapo ndipo sare inapokwisha na kanzu inapoanza.

Lakini hayo yalikuwa enzi za chuma cha jeshi na nyundo. Leo mashine ninazoendesha mimi zinakata reli kwa usahihi ambao Clark angeuota tu, na mashine ya Trabzon ni ndugu ya mashine ya Arkansas. Kazi aliyokuwa akiifanya fundi kwa siku tatu, nyingi inafanywa na programu usiku watu wamelala. Sehemu ya mkono imepungua. Bei haikupungua.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kwani tunalipia mkono upi?

Geuza nguo

Niwasimulie kilichonipata, bila kutaja kampuni, maana sitaki makala hii iwe mashtaka, na kwa bastola moja siwezi kuhukumu karakana nzima.

Jumapili ya pili nilikwenda nayo uwanjani. Magazini, kile kibebeo cha risasi, ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu, risasi ya nne, ganda tupu likakataa kutoka. Likabaki limebanwa mlangoni limesimama kama bomba la jiko. Nikalitoa. Risasi kumi mbele, tena. Kufika jioni nilikuwa nimehesabu mara 11 katika risasi 200.

Niliwaandikia. Wakajibu kwa adabu: piga kwanza risasi 500, chuma kizoeane. Ushauri huo si wa ajabu, bastola iliyokazwa kwa mkono huhitaji kuzoeana. Nikapiga 500, na risasi za .45 si karanga. Ikaendelea kukwama.

Pale karakana kwetu kuna mwenzetu ambaye mjomba wa mkewe ni fundi bunduki mstaafu, mzee wa miaka 70 na ushee, anayekaa nje kidogo ya Newark, hii Newark ya Ohio. Nilimpelekea. Akaitandika taulo mezani, akaivua bastola yote bila kuitazama, macho yako kwangu, ananiuliza habari za Tanga na kama kuna mvua huko. Kisha akatoa kile kipande kirefu chenye ndoana, kinacholala ndani ya slaidi na kuvuta ganda nje. Kwenye 1911 kipande hicho hakina springi ya kukisukuma. Ni chuma cha springi chenyewe, na nguvu yake inatokana na jinsi fundi alivyokikunja. Kukunja kwa mkono, kidogo sana, kwa kuhisi. Akakiweka kwenye mwanga akanionyesha.

Kilikuwa kimenyooka. Hakijaguswa.

Ubavuni mwa bastola hiyo kuna michoro ya gridi, mistari 30 kwa inchi, imekatwa kwa ustadi ambao mimi mkereza chuma siuwezi. Kingo zote za nje zimelainishwa zisikwaruze nguo. Rangi yake ni nyeusi ya kina, kama maji ya kisima. Na ndani, kwenye kipande cha chuma chenye ukubwa wa njiti ya mswaki, ambacho ndicho kinachoamua kama bastola itafanya kazi au haitafanya, hakuna mkono uliopita.

Mzee alikikunja, akajaribu, akakitoa, akakipitisha tupa nyembamba kwenye ncha, akakirudisha. Dakika 20. Hakutaka fedha. Toka siku hiyo bastola haijakwama.

Nilipoendesha gari kurudi nyumbani nilikuwa nasikia sauti ya baba nikiwa na miaka tisa, nimekaa chini ya meza yake naokota vipande vya uzi. Mtu alileta suti aliyoinunua Mombasa, anaisifia. Baba hakuitazama nje. Aliigeuza. “Fundi anaonekana huku,” alisema, akampitishia kidole kwenye mshono wa kwapa.

Mimi nilinunua nje.

Yadi 50

Hapa jamaa wa Houston atakuwa amesimama anapiga makofi. Akae kwanza, maana sikuishia hapo.

Mwezi uliopita niliazima bastola ya Kituruki ya dola 380 kwa mwenzangu kazini, nikaziweka zote mbili juu ya mfuko wa mchanga, yadi 25, risasi za kiwanda kimoja. Ya Kituruki ilinipa vikundi vya inchi tatu na nusu hivi, yaani upana wa matundu ya risasi kwenye karatasi. Yangu, baada ya mkono wa mzee, inchi moja na robo. Nilirudia Jumamosi mbili, majibu hayakusogea sana. Kisha nikasimama na kupiga kwa mkono mmoja kama tunavyopiga mashindanoni, na tofauti ikayeyuka karibu yote ndani ya mtetemo wa bega langu.

Kwa hiyo ni bure? Nilikaribia kuandika hivyo. Nilikuwa hata na kichwa cha makala.

Kilichonizuia ni Camp Perry. Mnaokwenda mnapajua: Port Clinton, ukingoni mwa Ziwa Erie, upepo wa ziwa unakupiga ubavu na bendera haitulii. Mashindano ya taifa yanafanyika pale toka 1907. Risasi kumi, dakika kumi, mkono mmoja, yadi 50. Duara la kumi, lenye alama kamili, lina upana wa inchi 3.36, na duara la X ndani yake ni inchi 1.695.

Sasa weka namba hizo kando ya ahadi ya Les Baer. Bastola zake zinaahidiwa inchi tatu kwa yadi 50, na ukiongeza fedha, inchi moja na nusu. Soma tena. Inchi tatu ni duara la kumi na nafasi ndogo ya kupumulia. Inchi moja na nusu ni X. Namba hizo zinakaa sawasawa kwenye karatasi ileile ninayoipigia. Hapo naona kama kuna fundi aliyempima mtu, hata kama mtu huyo ni shabaha yenyewe.

Bastola ya inchi tatu na nusu kwa yadi 25 ni ya inchi saba kwa yadi 50. Mpigaji akifanya kila kitu sawa, risasi nyingine itatoka nje ya kumi, na hatajua kama kosa ni lake au la chuma. Hilo ndilo ninalolipia. Nalipia haki ya kujua kwamba kosa ni langu. Kwa mtu anayejifunza, haki hiyo ina thamani kubwa, na wengi tunaifahamu tukiwa tumeshapoteza msimu mzima tukirekebisha mkono uliokuwa hauna kasoro.

Kwa anayeweka bastola kwenye droo ya kitanda, au anayepiga makopo shambani kwa mkwewe mara mbili kwa mwaka, haki hiyo haina kazi. Ya Trabzon inamtosha, na asikubali mtu amwambie amenunua takataka. Mwenyewe niliivua ile ya Kituruki. Fremu yake imefuliwa, haikusubiwa, na reli zake ni safi. Niliona aibu kwa maneno niliyowahi kuyaandika hapa mwaka juzi kuhusu bastola za bei rahisi. Nayafuta.

Na lingine ninalolifuta. Nilishawahi kusema bastola yoyote yenye vipande vya unga wa chuma uliosindiliwa kwenye kalibu na kuchomwa ni ya kukimbiwa. Nilikuwa narudia ya vijiweni. Kiwandani kwetu tunapokea vipande vya namna hiyo kila wiki, na vingine ni sahihi kuliko vyetu. Suala ni kipande gani, kinabeba mzigo gani, na nani alikikagua. Kitufe cha kuachia magazini cha unga wa chuma hakinisumbui. Ile ndoana ya kuvuta ganda nataka iwe ya chuma cha springi, na nataka awepo mtu aliyeikunja.

Cherehani

Nilimpigia baba kumsimulia kuhusu Singer. Hakuamini.

Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliwapa Singer, ndio, Singer wa cherehani, oda ya majaribio: bastola 500 za M1911A1, kuona kama kiwanda cha cherehani kinaweza kugeuzwa. Walizitengeneza zote 500, kwa namba S800001 mpaka S800500, kisha Singer wakaelekezwa kwenye kazi nyingine za vita. Oda kubwa ya bastola ikaenda kwa wengine. Remington Rand, watu wa mashine za kuchapia, ndio waliotengeneza nyingi kuliko wote, karibu laki tisa.

Leo bastola ya Remington Rand iliyopita vitani bado mtu wa kawaida anaweza kuinunua akijibana. Ya Singer inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na mnadani inaweza kupita hapo mbali. Wanaozijua husifu kazi yake, na mimi nawaamini, maana nimeivua cherehani ya baba mara nyingi na hakuna gia iliyokatwa kwa haraka mle ndani. Lakini hakuna anayelipa bei hiyo kwa sababu ya gia. Analipa kwa sababu zilikuwa 500.

“Kwa hiyo wananunua uchache,” baba alisema.

“Ndiyo, baba.”

“Uchache haushonwi.”

Nilibaki na hilo neno siku nzima, kwa sababu sehemu kubwa ya soko hili la juu linauza uchache, na linauuza kwa lugha ya ushonaji. Matoleo maalumu, namba kutoka moja hadi 25, kisha basi. Mfano wa kupindukia kabisa wa hilo uko Pennsylvania, kampuni ya Cabot, waliotengeneza pea ya bastola kutokana na kimondo na kuitajia bei ya dola milioni nne na nusu.

Kimondo chenyewe ni cha Gibeon, Namibia. Nimekitazama kwenye picha muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, ile mistari ya chuma iliyopishana kama ukindu, ambayo hakuna tanuri la duniani linaloweza kuitengeneza kwa sababu inahitaji kupoa kwa mamilioni ya miaka. Ni kitu kizuri. Fundi aliyekikata alikuwa hodari, kimondo kina nyufa na mishipa ya ajabu, na mimi nisingethubutu kukifunga kwenye mashine. Lakini kabla ya wote hao Wanama, wenyeji wa huko, waliokota chuma hichohicho jangwani wakakifua kuwa vichwa vya mikuki. Na Windhoek, mtaa wa Post Street, vipande vyake vimesimamishwa juu ya nguzo katikati ya watembea kwa miguu, mtoto anaweza kuvigusa akitoka shule. Nikiulizwa vipande vipi vimepata mahali pake, sichelewi kujibu.

Karatasi na kalamu

Wiki tatu zilizopita nilirudi kwa mzee wa Newark. Nilimwambia swali la baba. Akacheka kwa furaha, akarudia neno moja moja, akataka nimfundishe kulisema kwa Kiswahili. Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyeupe na kalamu ya risasi.

“Weka mkono.”

Nikauweka. Akauchora wote, kidole kwa kidole. Kisha akachukua rula akapima kutoka kwenye uma wa kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada, akaandika. Akanipa mpini mtupu nishike, akatazama kwa nyuma, akatazama kwa juu, akaandika tena. Kwenye karatasi ya kiganja changu kukawa na namba saba.

Bastola yangu ya dola 3,600 ina triga ndefu. Karibu zote za kundi hilo zinakuja na triga ndefu, ndiyo mtindo. Kidole changu kinaifikia kwa kona ya kucha, na nikivuta nasukuma mdomo wa bastola kushoto, kidogo tu, inchi moja au mbili kwa yadi 50. Wiki zote hizo nimekuwa nikiamini nina tatizo la kufumba jicho.

Triga fupi bei yake ni dola 30 na kitu.

Nilikaa pale kwenye kiti cha mbao nikitazama karatasi. Sikukasirika. Nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake miaka mingi, leo ndiyo ameambiwa namba ya mguu wake.

Nimeiuza ile bastola. Nilimweleza mnunuzi kila kitu, pamoja na ndoana iliyorekebishwa, akanipa 2,700 akaenda akiwa ameridhika, na ana mikono mikubwa, itamfaa. Elfu moja kasoro mia iliyopotea naiandika hapa kwa wanaopiga hesabu za kununua leo na kuuza kesho. Nikanunua Springfield iliyotumika kwa 650, fremu nzuri, slaidi inacheza kama zote. Nikampelekea mzee pamoja na mtutu mpya. Alitaja ujira wake kwa saa, akataja anavyodhani saa zitakuwa ngapi, na akaniambia zikizidi atanipigia kabla hajaendelea. Jumla haitafika hata theluthi mbili ya ile ya kwanza. Aliniomba pia niwe nakuja Jumamosi kushika chuma, ajaribu mkononi mwangu kadiri anavyokwenda. Anasema hajui njia nyingine ya kufanya.

Sisemi kila mtu atafute mzee wa Newark. Wazee hao wanaondoka, na wengi hawana mwanafunzi. Wale wa Nighthawk wameshika jambo zuri kwa kumpa fundi mmoja bastola moja toka mwanzo mpaka mwisho, na anaiwekea herufi za jina lake ndani, chini ya vibao vya mpini. Ningependa kujua kama mnunuzi akitaka kuzungumza na mwenye herufi hizo anaweza. Kama anaweza, hiyo fedha sina neno nayo.

Jumamosi iliyopita fremu na slaidi vilikuwa tayari vinaenda pamoja. Ukivisukuma havikwaruzi, ukivitikisa havilii. Rangi bado, ni chuma kitupu cha kijivu chenye alama za tupa. Nilimpigia picha baba, nikataka kumtumia ubavu, ndipo nikakumbuka, nikaigeuza slaidi nikapiga ndani.

Alijibu usiku, kwa sauti, sekunde chache tu.

“Pembeni kushoto, karibu na mwisho wa reli, kuna mkwaruzo. Muulize fundi.”

Niliikuza picha. Upo, mwembamba kama unywele. Nikamuuliza mzee. Alivaa miwani, akautazama kwa muda, akasema tupa iliteleza siku ya kwanza, na aliuacha kwa makusudi kwa sababu kuufuta kungeipunguza reli. Kisha akauliza ni nani aliyeuona.